Siku Nilipomkazia Macho Bi Tatu

Sisi tuliosoma skuli za Unguja miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, miguu mitupu na daftari moja lililokatwa katikati ili ndugu yako naye apate nusu, tunajuana hata tukipishana Darajani tumefunika nyuso. Tukikaa pamoja hatuanzi na maradhi, ingawa tunayo ya kutosha. Tunaanza na michezo ya nage na mdako, na mihogo ya nazi iliyoliwa asubuhi mpaka sahani ikang'aa, na barafu ya ukwaju iliyotia ulimi rangi hata ukaulizwa nyumbani umepita wapi. Mimi wenzangu wakiniona hawaanzi na hayo. Mimi huanziwa na jukwaa. "Asya, bado unatazama watu?" huniuliza, kisha wanacheka mpaka mabega yanatikisika, watu wazima na wajukuu zao.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu Sabra amejiunga na kikundi cha maigizo, na wiki iliyopita alikuja kuniuliza namna ya kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Alikuwa tayari ana vidokezo kumi alivyovitoa kwenye simu, na cha kwanza ni kujiamini. Nikamuuliza, hicho kinauzwa duka gani? Vijana wa leo wanapanda jukwaani wanatuuliza kwa kelele kama tupo, na sisi tumekaa mbele yao, tumefika saa nzima kabla yao, wengine tumebeba na mito ya kukalia. Kisha wanatuamrisha tupige makofi. Enzi zetu makofi hayakuombwa. Na wala hatukuanza na kujiamini, tulianza na miguu.

Aliyetufundisha miguu ni Bi Rukia, kiongozi wa kikundi cha taarab cha kina mama wa mtaani kwetu, nyuma ya Mlandege. Alikuwa mwanamke mfupi, mpigaji kodiani, kile kinanda cha kuvuta, na jicho lake liliweza kuona goti linalotetemeka ndani ya gauni refu. Mazoezi yalifanyika uani kwake baada ya sala ya alasiri. Mwanafunzi mpya alikuwa haimbi. Wiki mbili za mwanzo unasimama tu juu ya mkeka, umetulia, na Bi Rukia anapepeta mchele wake, anazungumza na wageni wake, anagombana na muuza samaki mlangoni, na wewe umesimama. Ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili alisema bila hata kugeuka, "We Asya, unangoja gari?"

Baada ya miguu ikaja mikono. Kila mmoja wetu alipewa kitambaa kidogo cha mkononi, na nilidhani ni cha kufutia jasho. Kumbe ni cha kuipa mikono shughuli. "Mkono usipoupa kazi utajitafutia wenyewe," alisema Bi Rukia, "na kazi utakayoipata ni kujikuna." Ukaja na upepo, maana hakutumia neno pumzi, yeye alisema upepo. Tulijifunza kwa kupuliza moto wa mkaa polepole, kwa mkupuo mmoja mrefu, bila ya kurusha jivu. Aliyerusha jivu alianza tena. Nilirudi nyumbani nyusi nyeupe, mama akanitazama akasema, "Nilikupeleka kuimba au kupika harusi?"

Yalikuwamo na makatazo. Siku ya kuimba hakuna barafu, hakuna ubuyu, hakuna kupiga kelele kwenye nage. Ni maji ya uvuguvugu na tangawizi. Na katazo kubwa kuliko yote ni kuwaambia watu kabla ya kuimba kwamba leo una mafua. Bi Rukia alilichukia hilo mpaka uso ukambadilika. Watu wameacha majumba yao wamekuja kufurahi, wewe unawapa habari za pua yako! Kama sauti mbaya wataisikia wenyewe. Na ukisahau maneno, alituambia, usitoe ulimi, usikunje uso, usiombe radhi. Simama vilevile kama kwamba umekusudia, kodiani itazunguka, itarudi pale pale ulipoachia, na wewe utaingia.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwenye mtungi. Nani kati yenu hakuimba mtungini? Unainama, unatia uso kwenye mdomo wa mtungi wa maji, unaimba, na sauti inakurudia nene, ya mtu mzima, ukajiona tayari umefika redioni. Mama alinifukuza kila siku kwa kisa cha mate, nami kila siku nilirudi. Sauti hiyo ilipanda juu, ikapita nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa, ikaingia nyumba ya pili. Nyumba zetu za Ng'ambo zilikuwa hivyo. Ukuta mmoja wa udongo na chokaa kati ya jirani na jirani, nao haufiki juu. Ukipiga chafya kwetu, dua unaombewa kutoka kwao. Ukikaanga vitunguu kwao, njaa inaingia kwetu.

Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Bi Tatu. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na mimi na dada yangu Mgeni tulikuwa watoto wake bila ya mtu kutangaza. Nilijifunza kutembea kwa kushika kanga yake. Mkate wa kumimina aliopika Bi Tatu siku ya Ijumaa, wenye iliki, mpaka leo sijapata anayeukaribia, na nimeshakula kwa wengi. Yeye na mama walikuwa wanapeana sahani juu ya ukuta kwa kupanda kibao, na sahani haikurudi tupu hata miaka ile unga ulipokuwa wa foleni. Kama hakuna cha maana, ilirudi na ndimu mbili au kitawi cha mrehani. Ilikuwa imeshakubaliwa, siku Mgeni atakapoolewa, Bi Tatu ndiye atakayekuwa somo wake, yaani mtu wa kumfunda, kumsinga mwili kwa liwa, kumpaka hina na kumtoa mbele za watu. Mama alisema hata kama hakutakuwa na biriani, Bi Tatu atakuwapo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Skuli tulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Yohana, kijana mstaarabu aliyehamia kutoka Bara mwaka uliotangulia. Yeye alitufundisha michezo ya kuigiza. Tulipotengeneza mchezo wa siku ya wazazi nikapewa nafasi ya malkia, na malkia alikuwa na hotuba ndefu. Kwenye mazoezi nilipowatazama wenzangu wote kwa pamoja niliwaona kama bahari, maneno yakazama. Mwalimu Yohana akanipa dawa. "Usiwatazame wote, Asya. Tafuta uso mmoja tu wa mtu anayekupenda. Mkazie macho huyo, mwambie yeye. Wengine watasikia." Siku ya wazazi nikaukazia macho uso wa mama, na hotuba ikatoka kama maji ya mfereji. Nikapigiwa makofi na darasa la saba, ambao hawakuwa watu wa kumpigia mtu makofi. Nikajua nimeshapata siri ya kazi.

Tatizo ni kwamba Mwalimu Yohana alikuwa hajawahi kuingia kwenye taarab ya kina mama wa Unguja, na asingeweza kuingia, maana ilikuwa ya wanawake watupu. Sisi tuliozaliwa ndani yake tunajua. Mwimbaji anatazama juu ya vichwa, anatazama turubali, anatazama kitambaa chake. Hamtazami mtu. Wimbo ukiwa wa kusema watu, na wewe ukamtazama mtu, umeshamtaja kwa jina na jina la baba yake. Hilo Bi Rukia hakunifundisha, kwa sababu hakufikiri kama pana mtoto wa mtaani kwetu asiyelijua. Na kweli nililijua, lakini kwa macho tu. Nilikuwa nimewaona waimbaji wote wakitazama juu tangu mdogo, ila nilidhani wanaona haya.

Pakatokea harusi mtaa wa pili. Bi Rukia akaamua nami niimbe wimbo mmoja, wimbo wake mwenyewe wa kuchekesha, aliouona utachekesha zaidi ukitoka kwa mtoto wa darasa la sita. Ulihusu jirani mwenye kusikiliza ya watu:

Jirani sikio refu, ukutani kaegama,
Kwetu neno ni hafifu, likitoka ni mlima.

Na hapa lazima niseme jambo moja ili mnielewe. Mwezi ule ule dada yangu Mgeni alikuwa ameletewa posa, na kabla ya baba kujibu habari zikaenea mpaka sokoni. Nani aliyezitoa hakujulikana. Mama alikuwa ameudhika sana na mtaa mzima ulijua kuwa ameudhika.

Siku ya harusi, alasiri, turubali limefungwa, udi unanukia, wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi za nyumba. Nikapanda kwenye jukwaa la meza mbili zilizofungwa pamoja na kutandikwa zulia. Miguu imetulia. Kitambaa mkononi. Upepo ninao. Kodiani ikaanza, nikainua macho nikaona ile bahari tena, na papo hapo nikatafuta uso unaonipenda. Mama alikuwa uani anasaidia kupakua. Lakini safu ya tatu, buibui amelishusha mabegani, kikuba cha asumini kifuani, alikuwapo Bi Tatu, ananitabasamia kama mtu aliyenizaa. Nikamkazia macho. Nikamuimbia yeye peke yake.

Turubali zima likalipuka. Vichwa vikafuata macho yangu mpaka vikafika, vikabaki huko. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikadhani ni vyangu. Mwanamke mmoja akainuka kuja kunituza, lakini badala ya kuja moja kwa moja akapita kwa maringo mbele ya Bi Tatu, noti anaipunga hewani, ndipo akaja akaniwekea. Nikazidi kunyanyua sauti. Nikaurudia ubeti mara tatu. Bi Rukia alinipiga jicho pembeni, akakaza mkono kwenye kodiani kutaka kuumaliza wimbo, nami nikaona anauchangamsha. Tabasamu la Bi Tatu likapungua, likakaa kidogo, likaondoka. Nilidhani ameguswa. Alipandisha buibui lake, akainuka, akawaomba waliokaa karibu naye wampishe, akatoka.

Mama alinisubiri nyumbani, kanga kaifunga kiunoni. "Ulikuwa unamtazama nani?"

"Bi Tatu."

"Kwa nini? Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mwalimu kasema nimtazame mtu anayenipenda."

Mama alikaa chini pale pale, kwenye sakafu, akashika kichwa. Sikuwahi kumwona amekaa vile. Akasema, "Asya mwanangu, umemwambia mtu ni mwizi wa maneno mbele ya mji mzima. Na wote wanajua ni mimi nliyekutuma." Ndipo nikafahamu, na nikalia kilio cha kukosa pumzi, kile ambacho hata Bi Rukia asingekuwa na la kunifundisha.

Alfajiri ya pili sahani yetu ilikuwa juu ya ukuta. Ilikuwa imeoshwa, na ilikuwa tupu. Adhuhuri akaja mtoto wa jirani na salamu za Bi Tatu, kwamba tutafute somo mwengine. Maneno hayo tu. Posa ilikuwa imeshakubaliwa na harusi imeshapangwa baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Dada yangu Mgeni, ambaye hakuwa mtu wa kulia, aliingia chumbani akafunga mlango.

Mwalimu Yohana alipopata habari alikuja nyumbani jasho linamtoka, akataka kwenda kwa Bi Tatu kueleza kuwa kosa ni lake. Baba alimkalisha barazani akampa kahawa. "Mwalimu, ukenda wewe, watasema tumekutuma na wewe." Maskini, alikunywa vikombe vinne, kisha akaomba afundishwe mambo mengine ya hapa ambayo hayajui, kabla hajaua mtu. Baba alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mama alinichukua mkono tukenda wenyewe. Hatukupitia uani kama siku zote, tulizunguka mlango wa mbele tukapiga hodi kama wageni. Bi Tatu alitukaribisha, akatupa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana kwake sisi tulikuwa watu wa kukaa mkekani.

"Shikamoo Bi Tatu," nikasema.

"Marahaba."

Hakusema marahaba mwanangu. Nikamweleza yote, ya Mwalimu, ya uso mmoja, na kwamba nilimchagua kwa sababu nampenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakilengwa na machozi. Kisha akasema, "Mimi nshakusamehe. Mtoto hana kosa. Lakini wale walonitazama, nani atakwenda kuwaambia nyumba kwa nyumba? Hata sokoni sasa nnapopita, watu wananyamaza." Tulitoka na msamaha mkononi na hakuna kilichobadilika.

Jibu alikuwa nalo Bi Rukia. Alijilaumu sana, ingawa kwa namna yake, yaani kwa kutugombeza sote. Kisha akafunga mlango siku mbili akatunga wimbo. Siku ya hina ya Mgeni, siku tatu kabla ya harusi, wanawake wale wale watakuwa kwetu, uani kwetu, alasiri. Mimi ndiye nitakayeimba. "Macho ndiyo yalokosa," aliniambia, "macho hayo hayo ndiyo yatakayoomba radhi. Safari hii utamtazama kwa kusudi, na kila mtu ajue unamtazama nani."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Mara ya kwanza nilikuwa sijui, na asiyejua hana cha kutetemekea. Sasa nilijua. Nilifanya mazoezi wiki tatu, mtungini, mchana na jioni, na mama safari hii hakunifukuza. Sauti ilipanda ikapita juu ya ukuta kama kawaida. Upande wa pili hapakutoka kitu, hata kikohozi. Tulisikia kinu, tulisikia maji yakimwagwa, lakini neno hapana. Mgeni alikuwa akifundwa na shangazi yetu wa Tumbatu aliyeletwa kwa haraka, mwanamke mwema, lakini dada alikuwa akimwitikia kwa heshima tu, kama anavyoitikiwa daktari.

Mama alimwalika Bi Tatu kwa mdomo wake mwenyewe, mara mbili. Alasiri ya hina uani kukajaa, na Bi Tatu hayupo. Nimeshapanda kwenye kijukwaa, kodiani imeshaanza, ndipo alipoingia. Alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na buibui hakulivua. Wanawake wenzangu mnajua maana yake. Asiyevua buibui ameleta heshima, na heshima ikisha anakwenda zake.

Nikashika kitambaa. Nikamtazama. Vichwa vikafuata macho yangu kama siku ile, na vikafika pale pale.

Hodi nipo mlangoni, mbele nashindwa kwingia,
Mwanao nipe idhini,

Hapo pakakatika. Maneno yaliyobaki, niliyoyaimba mara mia mtungini, hayapo. Niliuona uso wake tu. Nilisimama vilevile kama nilivyofundishwa, sikutoa ulimi, sikukunja uso, na kodiani ikazunguka ikarudi. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Bi Rukia akazungusha tena, polepole zaidi, na nikaona jasho linamchirizika yeye. Ikarudi mara ya pili. Hakuna. Nikajua nimeshamaliza kuharibu kila kitu, dada, mama, ukuta, vyote, na goti langu la kushoto likaanza.

Kutoka kule mlangoni, sauti nyembamba ya mtu asiyewahi kuimba mbele za watu maisha yake yote, ikatoka:

kwako nilikokulia.

Alikuwa ni Bi Tatu. Alikuwa ameushika wimbo wote kwa kuusikia juu ya ukuta, wiki tatu, kila siku, na sisi tukidhani hasikilizi. Aliinuka. Alivua buibui, akampa mtu amshikie. Aliupita umati wote mpaka kwangu, akakitoa kikuba chake cha asumini akanibandika kifuani. Vigelegele vilipopigwa safari ile sikuwa na haja ya kuuliza ni vya nani. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Bi Tatu hakukaa. Aligeuka akaelekea ndani, na njiani akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Yuko wapi mwari wangu? Hina gani hiyo mnampaka bila ya mimi?" Shangazi wa Tumbatu alimpisha kwa furaha ya wazi. Tukamsikia Mgeni akilia ndani, yule asiyelia, na Bi Tatu akimkemea anyamaze asije akaiharibu hina. Mimi nikarudia wimbo toka mwanzo, mpaka mwisho, na hakuna hata neno lililoniponyoka.

Siku ya pili juu ya ukuta kulikuwa na sahani ya mkate wa kumimina.

Nimemweleza Sabra yote haya, na simu ameiweka chini muda mrefu, jambo ambalo kwangu ni ushindi. Nimemwambia asimame juu ya mkeka wiki mbili, akacheka. Nimemwambia apulize moto, akaniambia Bibi sisi tunatumia gesi. Haya. Kila watu na zama zao, na yeye ni mtoto mzuri, atajifunza kwa njia zake.

Majuzi alinichukua kwenye harusi, ukumbi mkubwa huko Amani, una taa za kuzunguka na viti vimevalishwa nguo. Aliimba msichana mmoja mrembo sana, kipaza sauti mkononi. Katikati ya wimbo alijikwaa kwenye gauni lake, kipaza sauti kikaanguka, na sauti yake ikaendelea kuimba yenyewe kutoka kwenye mashine. Watu wakacheka, naye akacheka, akakiokota, akaudaka wimbo mbele ya safari. Hakuaibika hata kidogo, na nilimfurahia, wallahi nilimfurahia, kwa sababu naijua ile baridi ya kusimama mbele za watu huna neno. Halafu nikageuza macho nikawatazama watu waliojaa mle ndani, mamia yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuyajua maneno ya wimbo wake.